Mguu unauma na mbio ndefu ya milima iko karibu, nikimbie au nisikimbie?

Assalam aleikum ndugu zangu. Tangu vijana wa huku Pemba waanze mazoezi ya kukimbia kutoka Mkoani mpaka Konde simu yangu haipumziki, huyu ana goti, yule kisigino, mwengine muundi, na wote suala lao moja tu. Mie kazi yangu ni kuwafanyisha watu mazoezi ya viungo wakiumia na mwenyewe nakimbia, basi nimekusanya maswali nawajibu hapa kwa pamoja.

Kwani mbio hizo ni tofauti gani na marathoni? Na Pemba kuna milima ya kutisha?

Marathoni ni kilomita 42 na mita 195, ukizidisha hapo ushaingia ultramarathoni, na Mkoani mpaka Konde unapita kilomita 50. Ile maarufu ni Comrades ya Afrika Kusini, ilianza 1921, kama kilomita 90 baina ya Durban na Pietermaritzburg na lazima umalize ndani ya saa 12. Milima yetu si mirefu lakini haiishi, unapanda, unashuka mpaka kwenye bonde la mpunga, hujavuta pumzi unapanda tena, na mguu ulioumia unachoshwa zaidi na huko kushuka kuliko kupanda.

Kweli, mie goti linaniuma nikiteremka tu, nikipanda sina neno. Kwa nini?

Kwa sababu ukipanda msuli wa paja unajikunja kukusukuma, ukiteremka unavutika huku umebeba uzito wako wote ili usiporomoke, yaani ndio breki. Breki hizo zikichoka mzigo unaenda kwenye goti. Kama maumivu yako mbele, kwenye kifuu cha goti au nyuma yake, mara nyingi ni kifuu kinasuguana vibaya na mfupa wa paja, na hata kushuka ngazi au kukaa kitako muda mrefu kutakuuma. Kama yako ubavuni kwa nje na yanaanza kila siku baada ya masafa yale yale, basi ni ule utepe mrefu unaotoka nyongani mpaka chini ya goti. Yote mawili yanatibika bila kisu: punguza miteremko kwa wiki kadhaa, kaza misuli ya paja na ya nyonga, na ukishuka piga hatua fupi fupi za haraka, usijirushe. Na ukikuta mlima mkali tembea, wakimbiaji wa masafa haya duniani kote wanatembea milima na hakuna anaewacheka.

Muundi unauma kwa mbele, nimeambiwa ni uchovu tu niendelee.

Hapa naomba mnisikilize sana mana ndipo watu wanapojivunja. Pitisha kidole polepole kwenye mfupa wa muundi kwa upande wa ndani. Kama panauma eneo refu, upana wa vidole vitatu vine au zaidi, na ukipasha mwili moto panapoa, hio mara nyingi ni ngozi ya mfupa imechokozwa, punguza mbio nusu nzima na uiangalie. Lakini kama panauma pahala pamoja tu, unaweza kupaonesha kwa ncha ya kidole, na kila ukikimbia panazidi, na usiku umelala panagonga, huo unaweza kuwa mfupa umeanza kupasuka kidogo kidogo kwa kupigwa bila kupumzishwa. Simama kukimbia leo hii, nenda hospitali kubwa kama Abdalla Mzee pale Mkoani upigwe eksirei. Alafu jua kitu kimoja, wiki mbili tatu za mwanzo eksirei inaweza isioneshe kitu na mfupa umepasuka vile vile, kwa hio ukiambiwa picha safi na bado panauma usirudi barabarani, rudi kwa daktari. Na maumivu ya kwenye kinena, pale paja linapoungana na mwili, yasiyoondoka ukikanyaga, hayo hayangoji hata siku, mfupa wa shingo ya paja ukikatika ni operesheni.

Nikinywa vidonge viwili vya diklofenaki, dawa ya maumivu, asubuhi ya mbio si nitamaliza?

Usifanye hivo ndugu yangu, nakuomba. Najua zinauzwa kila duka la dawa na kila mtu anazo nyumbani, lakini diklofenaki na ibuprofeni zinapunguza damu inayokwenda kwenye figo, na wewe masaa sita uko juani ushatoka jasho, damu yenyewe imeshakimbilia miguuni, na misuli iliyochanika kwenye miteremko inamwaga uchafu wake kwenye damu na ni hizo hizo figo zinazotakiwa kuusafisha. Mambo matatu hayo yakikutana figo zinaweza kusimama. Mkojo ukitoka rangi ya kahawa, au hukojoi kabisa, hapo hakuna kulala nyumbani usubiri asubuhi, ni hospitali moja kwa moja. Na sindano ya ganzi kwenye goti au kisigino ndio mbaya zaidi, maumivu ni mwili unakwambia hapa panavunjika, ukiuziba mdomo utakimbia juu ya kano mpaka likatike.

Kisigino kwa nyuma kinaniuma asubuhi nikishuka kitandani, nikitembea kinapoa. Nikikande?

Hilo ni kano la kisigino. Kukanda kwa maji ya moto hakudhuru kama ni la siku nyingi, ila halitaponyesha peke yake. Simama kwenye ngazi ya baraza kwa ncha za miguu, jinyanyue kwa miguu yote miwili, kisha shusha kisigino polepole kwa ule unaouma, mara 15, duru tatu, asubuhi na jioni, kwa wiki 12. Inachosha na watu wengi wanaacha wiki ya tatu, usiache. Jeraha bichi la leo au jana, limevimba na lina moto, hilo msilichue wala msilikande, funga, nyanyua mguu, weka barafu iliyofungwa kwa kitambaa.

Nakimbia sana na sijapata hedhi miezi minne, najisikia mwepesi.

Dada yangu, ahsante kwa kuuliza, wengi wanaona haya. Kama huna mimba, mara nyingi hio ina maana chakula unachokula hakitoshi kwa mbio unazokimbia, na mwili unaanza kubana matumizi, mpaka kwenye mifupa. Ndio mana muundi unapasuka kwa wasichana wanaokula kidogo. Ongeza chakula, muhogo, wali, samaki, maziwa, na muone daktari. Wakati wa Ramadhani hili linawahusu na wanaume, kimbia kidogo baada ya kufuturu, usijibebeshe milima na kiu.

Siku yenyewe nisimame lini?

Yape maumivu alama, sifuri mpaka kumi. Mbili tatu na unakimbia sawa sawa, endelea na uangalie. Ukianza kuchechemea simama, mana ukichechemea mguu wa pili nao unaumia. Kichwa kinauma, unatapika, vidole vimevimba na unachanganyikiwa maneno, simama pia, na usinyweshwe maji mengi, inawezekana umekunywa mengi ukaizimua chumvi ya damuni. Kunywa kwa kiu yako na kula kitu chenye chumvi njiani.

Nikipumzika wiki sita si pumzi yote itapotea?

Haipotei ukiitunza, na sisi bahari iko mlangoni. Maji yakijaa ingia mpaka shingoni, miguu isiguse mchanga, jifungie dumu tupu kiunoni ukiona unazama, na kimbia humo humo kama uko barabarani, dakika 40. Mwambie mtu akae ufukweni akuangalie.