Mwendee kwanza, wewe na yeye

Alfajiri ya tarehe 30 Aprili 1997, waasi waliingia kwenye bweni la Seminari Ndogo ya Buta, kusini mwa Burundi, wakawaamuru wanafunzi wajitenge: Wahutu upande huu, Watutsi upande ule. Vijana wakakataa, wakabaki pamoja. Seminari ilizika wanafunzi 40.

Kila ninapoendesha semina ya amani parokiani naanza na Buta, na hasa na yale yaliyotangulia siku ile. Burundi ilikuwa vitani tangu mwaka 1993, na chuki ya nje ilibisha hodi hadi madarasani. Pale seminari waliamua kuizungumza: vijana wa pande zote mbili walikaa pamoja, wakaambiana hofu zao, wakasali pamoja. Bunduki zilipofika mlangoni hapakuwa na nafasi ya kufikiri. Walifanya walichokwisha kukizoea.

Mazoea ya namna hiyo kwetu yanaanzia kwenye vitu vidogo sana. Kuku wa jirani wamechakura tuta lako la mchicha, mara ya tatu sasa. Simu iko mkononi, na grupu la mtaa lina watu mia. Ukiandika "kuna watu humu hawajui kufuga", kila mtu atajua unamsema nani, na kufikia jioni ugomvi wa watu wawili una mashabiki.

Yesu alitoa utaratibu katika Mathayo 18:15: ndugu yako akikukosa, nenda ukamwonye, wewe na yeye peke yenu. Neno zito hapo ni "peke yenu". Basi piga hodi. Salimianeni vizuri, mkubwa apewe shikamoo yake, uulize habari za watoto. Ukikaribishwa kigoda, kaa. Mtu aliyesimama mlangoni huonekana amekuja kugomba. Kisha sema jambo lenyewe: "Mama Asha, jana jioni kuku waliingia kwenye mchicha wangu, tuta zima limekwisha." Usiseme "wewe kila siku", wala usifufue ya mwaka juzi. Halafu nyamaza, umsikilize. Huenda banda lake limebomoka na fundi hajalipwa.

Wengi hudhani kugeuza shavu la pili ni kukaa kimya. Lakini Yesu mwenyewe alipopigwa kofi mbele ya kuhani mkuu, Yohana 18 inasema alimwuliza aliyempiga: kama nimesema vema, wanipigia nini? Hakurudisha kofi, wala hakukubali kwamba kofi lile lilikuwa halali. Kati ya kupiga na kunyamaza kuna njia, na Mkristo amepewa kuipita hiyo.

Kwa hiyo nasema wazi, maana nimeona madhara yake: mwanamke anayepigwa nyumbani asiambiwe "vumilia, ndiyo msalaba wako". Asitumwe kwenda kuongea na mumewe wakiwa wawili tu. Mtoto anayeumizwa hali kadhalika. Kwanza wawe mahali salama, na taarifa ifike polisi, kwenye Dawati la Jinsia na Watoto. Kiongozi wa kanisa anayewarudisha kwenye kipigo kwa jina la amani anamsaidia mpigaji, hata kama anamaanisha mema.

Turudi kwa Mama Asha. Huenda asikusikilize, akafunga mlango. Aya ya 16 inasema uchukue pamoja nawe mtu mmoja au wawili. Hapa ndipo wengi wetu tunapoharibu: tunachukua shoga zetu, au shemeji mwenye sauti kubwa, na yule mama anaona amevamiwa. Mwombe mtu anayemheshimu yeye: mzee wa mtaa, balozi, au shehe wake kama ni Mwislamu. Akikuuliza kwa nini umemchagua huyo, umjibu kweli: kwa sababu wewe unamwamini.