Chambo cha manyoya: yanayosemwa pwani ya Tanga na yaliyo kweli

"Samaki anafuata harufu. Manyoya hayanuki, kwa hiyo hayavui." Kauli hii utaisikia kwenye diko la Deep Sea, utaisikia Sahare na hata Kigombe, na nusu yake ni kweli. Changu, tewa na wenzao wa miambani hutegemea sana pua, ndiyo maana kwa mshipi wa chini kipande cha ngisi ni vigumu kukishinda. Lakini nguru, sehewa na kolekole ni wawindaji wa mbio. Wanatumia macho, na ubavuni wana mstari wa hisia unaopokea mtikisiko wa maji anapokimbia dagaa. Samaki wa namna hiyo akiwa kwenye mawindo hana nafasi ya kunusanusa. Akiona kitu chenye umbo la dagaa kinachotikisika kama kiumbe hai, anakirukia, na unyoya laini kwenye mshipi wa kurambaza, yaani unaoburutwa nyuma ya chombo kinachokwenda, unampa hicho hicho. Faida yake si ndogo: vile vibua vinavyokatwakatwa kuwa chambo vingekuwa kitoweo nyumbani.

Dhana inayoharibu kazi kuliko zote ni kwamba chambo kikinenepa ndipo kinapoonekana. Manyoya yakirundikwa hushikamana yakilowa, na unachoburuta hapo ni kifurushi, hakina dalili ya uhai. Wavuvi wa trauti, samaki wa mito yenye maji ya baridi, huko kaskazini mwa Uingereza wanalijua hili tangu zamani. Chambo chao cha unyoya laini kina uzi wa hariri mwilini na unyoya mmoja wa kwale shingoni, uliozungushwa mara moja au mbili, basi. Maji yakipita, nyuzi za ule unyoya zinafunguka na kufumba, trauti anaona miguu ya mdudu anayepanda kutoka chini ya mto. Vuli ya kwao ikiingia, mwezi wa tisa, wadudu wengi wa mtoni huwa wadogo, na wafungaji nao hupunguza ndoana na manyoya.

Kwetu kanuni ni hiyo hiyo, vipimo tu ndivyo vinavyobadilika. Kwa sehewa, chukua manyoya sita hadi manane ya shingo ya jogoo, yale marefu membamba. Ya bawa yaache: mti wake ni mgumu, chambo kitazunguka na kuusokota mshipi wote. Chuna usufi ulioko shinani mwa kila unyoya, maana huo ndio unaolowa na kuganda. Paka uzi nta, uzungushe shingoni mwa ndoana mpaka upate tandiko la kushikia, kisha yapange manyoya kuizunguka, moja moja, uzi ukibana kila unyoya kabla hujaweka mwingine. Hapa angalia upinde wa unyoya. Ukiuelekeza nje, ncha zikipinda kuiacha ndoana, manyoya yatatanuka kila mwendo unapopungua na kufumba unapoongezeka, na chambo kitaonekana kinaogelea. Ukiuelekeza ndani, kitakuwa chembamba na kitakwenda moja kwa moja. Nacho kina siku zake, hasa dagaa wakiwa wadogo. Malizia kwa fundo na tone la gundi. Kikishakauka, kiburute kwenye beseni la maji. Kikiwa kimekakamaa ndani ya beseni, nje ya kisiwa cha Ulenge nako kitakakamaa.

Kuna wanaoapa kwamba bila rangi nyekundu hupati kitu. Nyekundu ndiyo rangi ya kwanza kumezwa na maji. Ukishuka mita kumi hivi, uzi mwekundu unaonekana wa kijivu au mweusi. Karibu na uso wa bahari, tunakorambaza, bado inaonekana, ila samaki anayekuja kutoka chini anakitazama chambo dhidi ya mwanga wa juu, na anachokiona kwanza ni kivuli. Urefu na unene wa kivuli hicho ndio unaopaswa kukushughulisha. Pima dagaa walioko majini siku hiyo, kisha ufunge kwa kipimo chao. Mimi ningebadilisha ukubwa mara mbili kabla ya kugusa rangi.

Na hili la kwamba kuvua kwa manyoya ni mambo ya watalii? Yapata mwaka 200, mwandishi wa Kirumi aitwaye Aelian alieleza jinsi watu wa Macedonia walivyovingirisha sufu nyekundu kwenye ndoana na kuifungia manyoya mawili ya jogoo. Mgeni wa Afrika Mashariki ni trauti mwenyewe, aliyeletwa kwenye mito ya Aberdare, Kenya, mwaka 1905. Jogoo tunaye uani miaka yote.

Wengine husema manyoya ni ya kaskazi tu, wakati maji yametulia. Kinachoamua zaidi ni uangavu wa maji. Mvua za vuli zikinyesha, mito ya Pangani na Zigi humwaga maji ya udongo, na katikati ya maji hayo unyoya hauonekani. Hapo rudi kwenye ngisi wako. Lakini katika tangambili, kusi imeondoka na kaskazi haijashika, tafuta mpaka wa maji ya kahawia na ya bluu. Vitu vinavyoelea hukusanyika hapo, dagaa huvifuata, na wakubwa huwafuata dagaa. Rambaza kandokando ya mpaka huo, upande wa maji safi.

Mshipi ukirudi umekatwa kama kwa wembe, usikimbilie kulaumu nailoni. Hayo ni meno ya nguru. Funga waya mwembamba wa shibiri mbili mbele ya ndoana, na ukirudi pwani suuza chambo kwa maji baridi ya bomba, ukitundike kivulini. Chumvi ikikauka juu yake, manyoya hukakamaa na ndoana huanza kutu.