Shufa: mwandiko unaoonyesha mkono ulivyotembea

Shufa ni sanaa ya Kichina ya kuandika kwa brashi na wino. Shu ni maandishi, fa ni kanuni. Aliyezoea kutazama khati za Kiarabu kwenye kuta za misikiti ana pa kuanzia, ila tofauti ipo: mwandishi wa khati hushika kalamu ya utete yenye ncha ngumu, ilhali brashi ya Kichina ni ya manyoya, na manyoya hayatunzi siri. Ukiikandamiza, mstari unanenepa. Ukiiinua, unakonda. Ukisita, wino unasambaa karatasini, na kosa halifutiki.

Wino wenyewe ni kijiti kikavu cha masizi na gundi, kinachosuguliwa juu ya jiwe lenye maji kabla ya kuandika. Brashi, wino, jiwe na karatasi huitwa hazina nne za chumba cha msomi.

Mitindo mikuu ni mitano. Zhuanshu, mwandiko wa mihuri, ulisanifishwa baada ya Qin Shi Huang, mfalme mkuu wa kwanza, kuiunganisha China mwaka 221 kabla ya Kristo. Mistari yake ina unene mmoja na imepinda kwa utulivu. Hadi leo mihuri ya wachoraji huchongwa hivyo. Unapendeza, lakini unachelewesha. Makarani wa serikali wenye rundo la kazi walitaka kitu cha haraka, ndipo lishu, mwandiko wa makarani, ukashika enzi ya Han, ukoo wa kifalme uliofuata: maumbo bapa, na mistari ya mlalo inayoishia kama mkia.

Kaishu ndio mtoto anaoanzia shuleni, kila mstari umesimama peke yake. Xingshu ni mwandiko unaotembea. Mistari inaanza kushikana mikono. Katika caoshu inakimbia kabisa, kiasi kwamba hata Mchina aliyesoma anaweza kushindwa kuusoma. Wengi huutafsiri “mwandiko wa nyasi”, ingawa cao pia ni kitu cha harakaharaka, kama rasimu. Na usidhani ndio mdogo wa wote: ulianza enzi ya Han, kabla kaishu haujakomaa.

Bingwa anayetajwa kwanza ni Wang Xizhi, aliyeandika dibaji ya mashairi yaliyotungwa kwenye banda la Lanting mwaka 353 kwa xingshu. Neno zhi limejirudia humo mara 20 hivi, kila mara kwa sura yake. Nakala yake ya asili imepotea. Tunazoziona leo ni nakala za wengine.

Mimi ningemwanzisha mgeni kwa Yan Zhenqing. Mwaka 758 aliandika rasimu ya kumlilia mtoto wa ndugu yake, aliyeuawa katika uasi wa jenerali An Lushan. Karatasi hiyo imehifadhiwa Taipei. Ni rasimu tu, si kazi ya kuonyeshwa watu, lakini Wachina huihesabu ya pili kwa ubora kati ya kazi zote za xingshu. Mistari ya mwanzo imetulia. Kadiri anavyosonga mbele anakata maneno, anaandika mengine pembeni, wino unakauka kwenye brashi naye anaendelea vivyo hivyo. Hata asiyejua neno moja la Kichina anapaona mahali mkono ulipoacha kujali urembo.