Seva hukuizima, imezimika

Juzi fundi mmoja kanieleza kwamba ameizima seva ya ofisi, yaani kompyuta inayohudumia kompyuta nyingine. Nikamuuliza katumia amri gani. Akaninyooshea kidole: alishikilia kitufe cha mbele mpaka taa zikazimika. Neno “kuzima” nimelisikia likitumika hivyo mara nyingi mno.

Kuzima kompyuta ni kuiamuru ifunge shughuli zake kwa utaratibu, kisha umeme ukatwe mwishoni. Kwenye mfumo endeshi wa Linux unaandika `sudo shutdown now`, au `sudo shutdown -r now` ukitaka iwake upya. Kwenye Windows ni `shutdown /s /t 0` na `shutdown /r /t 0`. Basi.

Kinachoniuma ni kwamba Kiswahili kilishatenganisha mambo haya zamani. Taa huzimwa na mtu. Umeme ukikatika, huzimika. Na mtu akidondoka ghafla sokoni tunasema amezimia, hakuna anayesema amelala. Shina ni lile lile, ila tukio si lile.

Tazama kinachotokea ndani. Ukihifadhi faili, Linux mara nyingi haiiandiki diskini papo hapo; huweza kuishikilia kwenye kumbukumbu ya muda (RAM), inayofutika umeme ukikatika, kwa sekunde 30 hivi. Amri ya kuzima hupitia kila programu na kuipa ishara ya SIGTERM, yaani malizia ulichoshika ufunge. Kwenye mifumo mingi ya leo programu hupewa hadi sekunde 90, na isiyosikia ndiyo hukatwa kwa nguvu. Hifadhidata ya mishahara humalizia maandishi yake katika muda huo. Kisha yaliyobaki kwenye kumbukumbu huandikwa, diski huachiliwa, umeme hukatwa. Tena ukiandika `shutdown` bila `now`, Linux hungoja dakika moja na kuwatangazia walioingia kwenye mashine. Ukighairi, `sudo shutdown -c`. Kwenye Windows, kabla muda haujaisha, ni `shutdown /a`. Kitufe kilichoshikiliwa hakimsubiri mtu.

Kwa hiyo, ndugu yangu fundi, seva ile imezimika, ingawa kidole ni chako. Zipo siku mashine inaganda kabisa, kibodi haiitiki, hata kwa mtandao huingii, na hapo kitufe ni halali. Ila kwenye daftari la zamu andika “imezimika”, ili atakayeiwasha ajue kukagua diski na hifadhidata kabla ya kuwaruhusu watu waingie.