Kumeinteni uzito baada ya "kukata utumbo": maana yake hasa ni nini

Opereshoni ya kupunguza uzito mtaani wanaita kukata utumbo. Mtu akipungua ghafla tu maneno yanaanza, huyo kakata utumbo. Mimi nilifanyiwa miaka saba iliyopita, nilienda India na dada yangu, na mpaka leo nikikutana na mtu ambae hatujaonana mda mrefu swali la kwanza ni hilo, umekata? na la pili linafata hapohapo, sasa ukishakata si ndo basi, hunenepi tena? Hilo la pili ndo limenikalisha chini niandike, maana jibu lake ndo kitu kizima kinachoitwa kumeinteni, na watu wengi hawaelezwi, wanaelezwa opereshoni tu alafu wanaachwa.

Tuanze na jina kwanza. Opereshoni inayofanywa zaidi duniani saivi ni sliivu, na kwenye sliivu utumbo haukatwi kabisa, kinachokatwa ni mfuko wa chakula, yani tumbo lenyewe. Kama asilimia 75 hadi 80 inatolewa nje, unabaki na mrija mwembamba wenye umbo la ndizi. Ya pili ni baipasi, hapo ndo utumbo unaguswa kweli: daktari anatenga kifuko kidogo sehemu ya juu ya tumbo, cha kubeba kama mililita 30 hivi, anakiunganisha na utumbo mdogo, kwahiyo chakula kinaruka karibu tumbo lote na mwanzo wa utumbo. Lile puto la tumboni ambalo watu wanawekewa hospitali ya Mloganzila, Dar es Salaam, na kwingine ni kitu tofauti, sio opereshoni, linakaa miezi kadhaa kisha linatolewa. Naongelea hizo mbili za mwanzo.

Sasa kumeinteni ni nini. Ni kubaki karibu na uzito wa chini uliofikia, kwa miaka, baada ya mwili kuacha kupungua wenyewe. Nasema "karibu" na nina maana yangu, nitaieleza. Mwaka wa kwanza mpaka mwaka na nusu ni fungate, unapungua tu, hata wiki uliyokula hovyo mzani unashuka, nguo zinakupwaya kila mwezi, unaona umeshinda. Wengi wanafika chini kabisa kati ya mwaka mmoja na miwili. Baada ya hapo fungate linaisha na hakuna anaekuambia limeisha lini. Uzito unasimama, alafu kwa watu wengi unapanda kidogo. Kumeinteni inaanzia hapo.

Hiyo kupanda kidogo sio uvivu wako wala sio kwamba opereshoni imefeli, na hapa naomba mnisikilize vizuri. Sweden kuna utafiti mkubwa ulianza 1987, walichukua watu zaidi ya 2,000 waliofanyiwa opereshoni za aina kadhaa wakawafatilia miaka na miaka. Waliofanyiwa baipasi, mwaka wa kwanza na wa pili walikuwa wamepunguza asilimia 32 ya uzito wao. Miaka kumi baadae ilikuwa 25, na miaka kumi na tano 27. Kule Utah, Marekani, nako waliwafatilia watu wa baipasi miaka 12: miaka miwili baada ya opereshoni walikuwa chini kwa wastani wa kilo 45, mwaka wa sita kilo 36, mwaka wa kumi na mbili kilo 35. Angalia hizo namba taratibu. Kuna kilo zilirudi mwanzoni, kama kumi, alafu uzito ukatulia ukakaa hapo miaka sita. Huyo mtu mwenye kilo 35 chini baada ya miaka 12 amemeinteni vizuri sana, lakini ukimkuta mwaka wa nne ameongezeka kilo nane anajiona amefeli maisha, anajificha, hataki hata kupigwa picha.

Kwanini zinarudi? Kama nyumbani mna tangi la maji juu ya mnara mtanielewa haraka. Ndani ya tangi kuna boya. Maji yakishuka boya linashuka nayo, koki inafunguka, maji yanaingia mpaka boya linyanyuke lifunge. Chota maji chini kwa ndoo utakavyo, boya linarudisha palepale. Mwili unafanya kitu cha namna hiyo na mafuta: ukipungua kwa kujinyima, njaa inapanda, mwili unaanza kutumia nguvu kidogo, unavutwa kurudi ulikotoka. Ndomana dayati peke yake inawashinda wengi wenye uzito mkubwa, mtu anachota maji huku boya liko juu. Opereshoni inalishusha boya lenyewe, yani koki inafunga maji yakiwa chini zaidi. Kwenye sliivu ile sehemu ya tumbo inayotolewa ndo inayotengeneza kwa wingi homoni ya njaa, ghrelini, na opereshoni zote mbili zinafanya homoni za kushiba zipande haraka ukila. Ndio sababu miezi ile ya mwanzo unakula vijiko vinne vya supu unaangalia sahani na huna hamu nayo, kitu ambacho hujawahi kukijua tangu uzaliwe.

Ila boya halijapigwa misumari. Miaka inavyoenda tumbo linalegea kiasi, hamu inarudi kiasi, na mwili uliotoka kilo 128 kwenda 84 kama wangu unahitaji chakula kidogo zaidi kuliko zamani kwasababu hakuna tena mzigo wa kubeba, na kwenye kupungua kule misuli nayo iliondoka pamoja na mafuta. Juu ya hayo kuna dawa zinazonenepesha baadhi ya watu, sindano ya uzazi wa mpango ya miezi mitatu, dawa za steroidi, baadhi ya dawa za sonona. Kuna mimba (wanashauri usubiri angalau mwaka hadi mwaka na nusu baada ya opereshoni), kuna kukoma hedhi, kuna kutolala.

Alafu kuna vyakula vinavyoteleza, hapa ndo nataka kukaa kidogo maana ndipo nilipoangukia mimi.

Tumbo dogo linazuia kitu kigumu. Kipande cha kuku, samaki, maharage, vinakaa, vinakujaza, unaacha. Lakini vitu laini na vya majimaji vinapita moja kwa moja bila kukushibisha: juisi, soda, uji wa sukari, aiskrimu, biskuti iliyochovywa kwenye chai. Na vitu vya kudonoa, ambavyo kila ukidonoa ni kidogo hata hukumbuki kama umekula. Mwenye baipasi anaweza kupata onyo, sukari nyingi ikikimbilia utumboni ghafla moyo unaenda mbio, jasho, kizunguzungu, tumbo linamvuruga, mpaka alale. Wa sliivu wengi hatupati onyo hilo au tunalipata kidogo, kwahiyo tunateleza navyo kimya kimya.

Mwaka wa nne nilikuwa na kilo 97. Kutoka 84. Nilikaa miezi kumi na nne bila kwenda kliniki, nikipigiwa simu nasema nimesafiri, kumbe niko nyumbani, niliona aibu kupanda ule mzani mbele ya watu walionipongeza. Nyumbani kila mtu aliona nakula sahani ileile ndogo, mchana vijiko sita vya wali na kipande cha samaki, kwenye harusi mama mdogo ananisogezea pilau, "mwanangu hata nyama hutaki?" namwambia mama mdogo nimeshiba, na kweli nilikuwa nimeshiba. Sasa uzito unatoka wapi?

Nilipoenda hatimae, yule dada wa lishe hakuniuliza habari za chakula cha mchana. Aliniuliza, saa kumi jioni unakuwa wapi na mkononi una nini. Nikanyamaza. Saa kumi nakuwa ofisini, na mkononi nina kikombe cha chai ya maziwa. Cha pili kinafata, cha tatu kabla ya kutoka, kila kimoja vijiko vitatu vya sukari, na pembeni kipakti cha korosho ambacho nakifungua naongea na simu. Akachukua kalamu tukahesabu pamoja. Vijiko tisa vya sukari ni kama kalori 150. Korosho gramu 50 ni karibu 280. Maziwa juu yake. Ilikuwa inakaribia kalori nilizokula mchana kwenye sahani, na yote ilipita bila kunishibisha na bila mimi kuihesabu kama chakula, kwangu ilikuwa ni chai tu.

Alafu akachukua kikokotoo akafanya hesabu nyingine ambayo ndo ilinitoa machozi. 128 toa 97, kilo 31. Gawa kwa 128, asilimia 24. Akaniambia hii bado ni opereshoni iliyofanya kazi, ungekuja kwenye kilo ya tano ingekuwa rahisi zaidi, lakini umekuja. Saivi niko 91 na huu ni mwaka wa tatu, inacheza 90, 92, siteseki nayo.

Kazi yenyewe ya kila siku ikoje. Protini inaliwa kwanza, kabla ya wali au ugali, kwasababu nafasi ni ndogo na kinachoingia mwanzo ndo kinachoipata. Wanalenga gramu 60 hadi 80 kwa siku. Mayai mawili asubuhi ni kama gramu 12, kipande kizuri cha samaki au kuku mchana ni 20 na kitu, maharage, dagaa, maziwa ya mtindi bila sukari, inafika bila kununua yale mapoda ya bei mbaya ambayo watu wanauziwa. Maji hayanywewi pamoja na chakula, unasubiri kama nusu saa, maana maji yanasukuma chakula kipite haraka na njaa inarudi. Kutafuna taratibu. Kutembea, na hapa nusu saa mara moja moja haitoshi kwa mtu anaetaka kuzuia uzito usirudi, wanasema dakika 200 hadi 300 kwa wiki, na kunyanyua vitu vizito kidogo ili misuli ibaki, mimi nanyanyua madumu ya lita tano nyuma ya nyumba na inatosha.

Vitamini ni za maisha. Sio za mwaka wa kwanza. B12, chuma, kalsiamu, vitamini D, na damu inapimwa kila mwaka hata ukijisikia mzima kabisa. Mtu anaetapika siku nyingi asikae nyumbani, anaweza kuishiwa vitamini B1 na hiyo inaharibu ubongo na mishipa ya fahamu. Wa baipasi asimeze ibuprofeni au diklofenaki kiholela, zinaleta vidonda kwenye kile kifuko. Na pombe, hii nasema kwa upendo, baada ya opereshoni glasi moja inapanda kama mbili, na watafiti Marekani waliona matatizo ya pombe yakiongezeka kuanzia mwaka wa pili baada ya baipasi, wakiwemo watu ambao kabla hawakuwa walevi.

Mzani mara moja kwa wiki. Mimi ni Jumamosi asubuhi kabla ya chai, mzani uleule, naandika kwenye daftari la jikoni. Nimejiwekea kilo tatu. Ikipanda tatu na ikakaa wiki tatu napiga simu kliniki, sisubiri nipungue kwanza ndo niende, ile nilishaifanya na iligeuka miezi kumi na nne.

Na ikiwa zimerudi nyingi kweli, nusu ya ulichopunguza au zaidi, bado kuna njia. Wanapima kwanza kama kuna kitu kimebadilika ndani, kama sliivu imepanuka sana au maungio ya baipasi yamelegea. Sliivu inaweza kubadilishwa kuwa baipasi, ingawa opereshoni ya pili ina hatari kubwa kidogo kuliko ya kwanza, sio ya kuikimbilia. Na kuna zile sindano mpya, semaglutide na wenzake, zinaiga mojawapo ya homoni za kushiba ambazo opereshoni inazipandisha, na madaktari wanawapa watu waliorudisha uzito na zinasaidia. Ukiacha, uzito kwa kawaida unarudi, kwahiyo nazo ni sehemu ya kumeinteni, na ni za kuandikiwa na daktari anaejua umefanyiwa nini, usichome ya mtu anaeuza kwenye simu.

Kwa mnaoishi na mtu aliyefanyiwa: msimpikie sahani yake peke yake kama mgonjwa, na akiongezeka msimwambie "si ulikata wewe". Dada yangu alichofanya ni kuhamisha chupa ya chai kutoka mezani akaiweka jikoni, na jioni ananiambia twende tukatembee mpaka kwa mama Zuhura na kurudi. Ni dakika arobaini.