Unahamia Mtwara au Lindi? Haya ndo watu wanakosea kuhusu usalama wa mitaa

Ajira zikitoka kuna walimu, manesi na watu wa benki wanapangiwa huku kusini hawajawahi kufika hata siku moja, na kabla hawajapanda basi wameshajazwa maneno na ndugu ambao nao hawajawahi kufika. Halafu mtu anachagua mtaa wa kuishi na wanae kwa maneno hayo hayo. Hili linaniuma, maana kuna wanaolipa kodi ya miezi sita sehemu isiyowafaa na kuna wanaokimbia mitaa mizuri kabisa bila sababu.

"Mtwara kuna vita." Hii ndo inaanza kila mara, na chanzo chake kipo. Mwaka 2013, Januari na tena Mei, kulikuwa na zile vurugu za gesi, watu hawakutaka bomba liende Dar, nyumba na ofisi zikachomwa, watu wakafa, jeshi likaingia mjini. Kisha Oktoba 2017 yakaanza mashambulizi Cabo Delgado upande wa Msumbiji, na Oktoba 2020 washambuliaji wakavuka wakaingia kijiji cha Kitaya, pale kando ya Mto Ruvuma. Aliyeko mbali anachanganya vyote hivyo anapata mji mzima wenye vita. Ukweli ni kwamba vurugu za 2013 zilihusu gesi, hazikuwa ujambazi wa mtaani, na Kitaya ni kijiji cha mpakani, siyo mitaa ya mjini kama Ligula wala Chuno. Kama umepangiwa kijiji cha kule mtoni basi uliza hali ya mpaka, ni swali la haki kabisa, muulize mwajiri wako na mtendaji wa kijiji. Ila kama unakuja mjini, habari hizo hazikusaidii kitu kuchagua kati ya Magomeni na Shangani.

Na zile takwimu za uhalifu za mkoa ni hivyo hivyo. Mkoa wa Mtwara una mjini, una Masasi, Newala, Tandahimba, Nanyumbu, namba moja ya mkoa mzima haiwezi kukwambia mtaa wako ukoje, na pia inahesabu yaliyoripotiwa tu, sasa kuku aliyeibiwa na simu iliyokwapuliwa ni wangapi wanaenda kituoni?

"Kaa uzunguni, uswahilini kuna wezi." Hapa ndo nataka tuelewane vizuri. Shangani pazuri, bahari iko karibu, viwanja vikubwa, miti, kimya. Lakini kimya hicho hicho maana yake nyumba ziko mbalimbali na usiku unaweza kutembea kipande kirefu hujakutana na mtu. Nenda Chikongola au Magomeni saa hiyo hiyo, mama wa chapati na samaki wa kukaanga yupo na taa yake, wazee wako barazani, vijana wanacheza bao, mgeni akipita anaangaliwa na anasalimiwa, na akizunguka mara ya pili anaulizwa unamtafuta nani. Kibaka hapendi kuulizwa hilo swali. Sisemi uswahilini hakuna wizi, upo, na wizi wenyewe mwingi ni wa kudokoa: nguo kwenye kamba, ndoo, simu inayochajiwa karibu na dirisha mtu anaivuta kwa mti kupitia kwenye nondo. Ila hayo yanatokea na kwenye nyumba za geti, na tena kule mwizi akisharuka ukuta hakuna anayemuona, ana muda wake. Kwa hiyo ukuta mrefu usikulevye. Angalia nyumba inaonekana na nani, taa ya nje ipo, jirani wa karibu yuko umbali wa kusikia ukipiga kelele?

Kama ni dada unapanga peke yako ongeza na hili: choo kiko wapi. Nyumba nyingi za kupanga choo kiko uani, sasa uani kuna taa? Mlango wa uani unafungwa usiku na nani anakaa na ufunguo? Wapangaji wenzako ni familia au vyumba vinabadilika watu kila mwezi? Naona watu wanauliza tiles na gypsum hawaulizi haya, na haya ndo yatakuhusu saa nane usiku ukibanwa.

"Nilienda kuangalia, pametulia." Ulienda saa ngapi? Mchana na jua lile kila mtaa umetulia, watu wako ndani. Rudi saa mbili usiku, rudi na Jumamosi. Na uangalie ni msimu gani. Minada ya korosho ikianza, kwenye Oktoba hivi, na hela zikishaingia kwa wakulima, mji unachangamka, gesti zinajaa, wageni wengi, na wezi nao wanajua hela ipo. Mtaa uliouona Aprili siyo huo utakaouona Novemba. Kinyume chake, usije kipindi cha unyago na jando ukasikia ngoma mpaka alfajiri ukasema hapa kuna fujo. Hiyo ni sherehe ya watu, wako na watoto wao na bibi zao, na barabara iliyojaa watu usiku ni salama kuliko ile tupu.

"Dalali kaniambia pako poa." Dalali anakula kodi ya mwezi mmoja ukikubali, asipokwambia pako poa akwambie nini. Nenda kwa mjumbe au mwenyekiti wa mtaa, muamkie, mwambie nataka kuhamia hapa na familia, naomba unieleze hali ya mtaa. Wengi wanaongea wazi kabisa, watakwambia ulinzi shirikishi upo au ulikufa, vijiwe gani vinasumbua, mwenye nyumba yule ana kesi ya kiwanja au hana. Halafu nenda kijiwe cha bodaboda uliza: ukinileta pale saa nne usiku ni shingapi? Ukiona bei inaruka au anakataa, muulize kwanini. Kuna wa kukwambia ni mchanga pikipiki inazama, kuna wa kukwambia ni giza, na kuna atakayesema pale kaka usiku hatuendi. Jibu la tatu ndo la kulifanyia kazi, na uliulize kijiwe kingine pia kabla hujaliamini.

"Usalama ni wezi tu." Hapana jamani. Lindi mjini sehemu ya chini iko usawa wa bahari kabisa na juu kuna mtaa wa Mtanda, kwahiyo kabla hujapanga bondeni uliza maji ya mvua yanapita wapi, angalia ukutani alama ya maji ilifika wapi, usiridhike na rangi mpya. Watu wanasema vimbunga haviji Tanzania, wakati Lindi ilipigwa na kimbunga Aprili 1952, na Mei 2024 kimbunga Hidaya kikaleta mvua iliyokata barabara ya Dar maeneo ya Somanga huko Kilwa, mabasi yakakwama. Malaria nayo, mikoa yetu yote miwili ni kati ya ile yenye malaria nyingi nchini, madirisha yasiyo na wavu na dimbwi nyuma ya nyumba vitamfikia mtoto wako kabla ya mwizi yoyote. Na umbali wa hospitali usiku: Ligula kwa Mtwara, Sokoine kwa Lindi, jaribu kuuliza bajaji kutoka hiyo nyumba inapatikana saa saba usiku au mpaka upige simu kwa mtu unayemjua.

Ukishahamia, ile wiki ya kwanza peleka barua yako ya utambulisho serikali ya mtaa, ujiandikishe, na uombe namba ya mjumbe na ya polisi kata, uzihifadhi kwenye simu yako na ya mwenza wako. 112 ya polisi na 114 ya zimamoto zipo, zipige, lakini mjumbe na jirani wa ukuta wa pili ndo watakuwa wamefika mlangoni wakati wewe bado unaelekeza njia kwenye simu.