Kinachobadilika ndani ya msuli wa moyo presha inapokaa juu

Wiki iliyopita mama mmoja anayekaanga samaki kwenye ufuo wa Dunga, Kisumu, alilala ubavu kwenye kitanda changu cha eko, kipimo kinachoonyesha moyo kwa mawimbi ya sauti. Nilimgeuzia skrini nikamwonyesha ukuta wa ventrikali yake ya kushoto, chumba cha moyo kinachosukuma damu mwilini: milimita 14, mahali ambapo kwa mwanamke natarajia zisizozidi 9. Akatabasamu. "Sasa daktari, si hiyo ni nguvu? Hata vijana wanaobeba magunia pale soko la Kibuye mikono yao hunenepa."

Foleni ilikuwa ndefu nje, nikamjibu kwa ufupi. Swali lake lilistahili zaidi.

Kunenepa kuna sababu yake. Presha ikikaa juu, kila pigo lazima lisukume damu dhidi ya mzigo mkubwa zaidi, na ukuta unapata mkazo. Ukuta ukiwa mnene, mkazo huo unagawanywa kwa msuli mwingi. Seli za moyo wa mtu mzima karibu hazizaliani, basi kila seli hujinenepesha yenyewe kwa kupanga sakomea mpya, yaani vipande vidogo vinavyojikunja, sambamba na zile za zamani, kama kuni zinavyopangwa bega kwa bega.

Lakini kijana wa Kibuye hutua gunia. Moyo hupiga kama mara 100,000 kwa siku, na kwa mwenye presha isiyotibiwa mzigo upo hata usingizini. Moyo wa mkimbiaji nao hunenepa, ila mzigo wake huja na kuondoka, na protini zake hubaki katika hali nzuri. Moyo wa presha hubadilisha protini zenyewe.

Jeni zilizofanya kazi tukiwa tumboni mwa mama huwashwa upya. Mayosini, injini ya msuli, ina aina mbili: alfa iendayo kasi na beta iendayo polepole, ambayo hutumia nishati kidogo kwa nguvu ileile. Ventrikali za panya zimejaa alfa. Watafiti wakiibana aota yao, mshipa mkuu utokao moyoni, baada ya wiki chache beta inachukua nafasi kubwa. Wengi huyahamishia matokeo hayo kwa binadamu moja kwa moja, nami sikubaliani nao. Ventrikali zetu ni beta kwa zaidi ya asilimia 90 hata zikiwa nzima. Alfa ya kupoteza ni kidogo.

Kwa wagonjwa wangu naiona shida mapema zaidi kwenye kulegea. Baada ya kila pigo kalsiamu, inayouamuru msuli ujikunje, lazima irudishwe ghalani ndani ya seli, na pampu inayoirudisha, SERCA2a, hulemaa moyo unapoanza kuchoka. Titini, protini kubwa kuliko zote mwilini mwa binadamu, hukaa ndani ya sakomea kama springi. Vikundi vya fosfeti vinavyobandikwa juu yake na kuilainisha vikipungua, hukakamaa. Kati ya seli na seli kolajeni, protini ya nyuzi ngumu, hutandazwa kama kovu. Moyo wa namna hii husukuma vizuri, ila haufunguki sawasawa kupokea damu, na damu hujazana nyuma, kwenye mapafu.

Mama yule alikuwa hapo hasa. Kila pigo lilitoa asilimia 62 ya damu iliyokuwa ndani, kiwango kizuri kabisa. Lakini alikuwa akihema akipandisha beseni la samaki kutoka ufuoni, akadhani ni moshi wa jiko. BNP yake ilikuwa juu. Hiyo ni homoni ambayo moyo wenyewe huitoa ukinyooshwa, ili figo zimwage chumvi na maji.

Dawa alikuwa akimeza siku ambazo kichwa kinauma tu. Nikamweleza kwamba protini za moyo hazikai milele: huvunjwa na kujengwa upya kwa siku na wiki, na presha ikishuka kila siku, ujenzi hufuata mzigo mpya. Losatani, dawa ya kushusha presha, ina faida ya ziada, kwa sababu angiotensini, homoni ya kupandisha presha ambayo dawa hii huizuia kufanya kazi, ndiyo pia huchochea seli kunenepa na kolajeni kuongezeka.

"Kwa hiyo huu ukuta unaweza kupungua?"

"Unaweza, mama. Kovu ndilo litakalochelewa."

Akaomba kalamu, akaandika nyuma ya kadi yake mwezi wa kurudi kupigwa eko nyingine.